Kupima RF kwa Slaidi ya Lateksi katika Maabara Ndogo

Katika zahanati ya Kayole ninakofanya kazi, vifaa vyetu ni friji, mashine ya kuzungusha damu, saa ya ukutani na kisanduku cha lateksi, yaani kimiminika chenye chembe ndogo sana zilizopakwa kingamwili. Hivyo vinatosha kupima RF (rheumatoid factor), yaani kingamwili inayozishika kingamwili nyingine za mwili uleule, kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na baridi yabisi.

Hatua ya kwanza ni kuvitoa vitendanishi kwenye friji, ambamo hukaa katika nyuzi 2 hadi 8, na kuviacha vipate joto la chumba. Asubuhi za Julai, chumba chenyewe kinapokuwa baridi, mimi husubiri zaidi ya nusu saa. Lateksi iliyowahi kuganda kwa barafu itupwe, kwa kuwa chembe zake hushikana zenyewe.

Pili, toa damu ya mshipa katika chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iache igande, kisha izungushe upate seramu (majimaji ya damu) angavu. Seramu nyeupe kwa mafuta haifai. Mwombe mgonjwa arudi kesho kabla ya kufungua kinywa.

Tatu, tikisa lateksi taratibu. Weka tone la seramu, la kontroli chanya na la kontroli hasi (sampuli ambazo jibu lake linajulikana tayari), kila moja katika duara lake, uongeze tone la lateksi na kukoroga kwa kijiti kipya kila mara. Kipimo cha tone kifuate karatasi ya maelekezo; mara nyingi ni mikrolita 50 hivi.

Nne, na hapa ndipo makosa mengi hutokea, zungusha slaidi polepole kwa dakika 2 kamili, kisha uisome papo hapo chini ya taa. Tone hasi hubaki laini kama maziwa. Tone chanya hukatika, likaonyesha chembechembe na maji katikati yake. Siku moja niliitwa mapokezi, niliporudi kingo za matone zilikuwa zimeanza kukauka na mgonjwa akaonekana chanya. Nilirudia kwa seramu ileile, nikapata hasi.

Ikiwa ni chanya, punguza seramu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mara 2, mara 4, mara 8, na kuendelea, upime kila moja. Kama lateksi yako hugundua kuanzia yuniti 8 kwa mililita, na tone la mwisho kuwa chanya ni la mara 4, jibu ni 8 mara 4, yaani 32.

Katika fomu andika namba hiyo, si jina la ugonjwa. Homa ya ini ya C, kifua kikuu na hata uzee pekee huweza kuleta RF, na wapo wenye baridi yabisi ambao hawana kabisa. Kwa hiyo mimi huongeza mstari mmoja kwa daktari: tafadhali linganisha na uvimbe wa viungo na muda wa kukakamaa asubuhi.