Jinsi ya kupanga safari ya Salalah msimu wa ukungu

Mwezi wa Julai joto la Maskati hupita nyuzi 40, na hata usiku hakupoi. Siku hiyohiyo Salalah, kusini kabisa mwa Omani, huwa nyuzi 25 hivi, manyunyu yanadondoka na milima imevaa kijani. Anayefanya kazi hiyo ni upepo tunaoujua sote: kusi. Unatoka kwetu Afrika Mashariki, unavuka bahari, na ukifika pwani ya Dhofari, mkoa wa Salalah, unayasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, maji baridi ya chini yakapanda. Hewa yenye unyevu hupoa ikawa ukungu, na milima huuzuia usipite. Waomani huuita msimu huo kharif. Kusi hilohilo huichafua bahari, kwa hiyo anayetaka kuogelea asiende wakati huu.

Hatua ya 1: Chagua wiki yako. Msimu huhesabiwa kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba, lakini wiki za mwanzo milima bado ina rangi ya vumbi. Kijani hushika vizuri kuanzia katikati ya Julai. Agosti watu hufurika kutoka Ghuba yote na bei za vyumba hupanda sana. Mimi huwashauri wageni wangu mwanzo wa Septemba: majani yangali mabichi, na familia nyingi zimesharudi makwao kwa ajili ya shule. Ukiwa na watoto wanaolilia bahari, subiri Oktoba, maji yakishatulia.

Hatua ya 2: Amua njia. Kwa ndege kutoka Maskati ni chini ya saa mbili. Kwa gari ni kama kilomita 1,000, kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, na sehemu kubwa ni jangwa tupu. Jaza mafuta kila upatapo kituo, hata kama tangi limebaki nusu. Usiendeshe usiku, maana ngamia hukatiza barabara na humwoni mpaka umeshamfikia. Lala Haima, uondoke alfajiri.

Baada ya Thumrait zimebaki kama kilomita 80, na hizo ndizo za kuwa makini zaidi. Unateremka mlima, joto linashuka ghafla, mara ukungu unakufunika. Washa taa za chini. Zile kali huurudisha mwanga machoni mwako. Punguza mwendo, na usisimame barabarani kupiga picha, hata kidogo.

Hatua ya 3: Gari na chumba. Vivutio vimetawanyika, hivyo bila gari utatumia pesa nyingi kwenye teksi. Familia kubwa ipange nyumba yenye jiko badala ya hoteli. Wekeni nafasi mapema.

Hatua ya 4: Siku ya mashariki. Tokeni asubuhi na mapema, kwa sababu foleni ya Wadi Darbat ikishaanza haina mwisho mwepesi. Hapo mtakuta bonde la nyasi, mto, ngamia na ng'ombe wakila majani. Maporomoko makubwa ya ukingoni hutegemea mvua ya mwaka huo, kwa hiyo msiwaahidi watoto. Mkirudi, piteni Khor Rori, kwenye magofu ya Sumhuram, bandari ya kale iliyosafirisha ubani. Iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Hatua ya 5: Siku ya magharibi. Mughsail iko kama kilomita 40 kutoka mjini. Mawimbi huingia chini ya mwamba, kisha maji huruka juu kwa kishindo kupitia matundu yake. Angalieni mkiwa nyuma ya kizuizi. Julai 2022 watu waliokivuka walisombwa na wimbi, na wengine hawakupona. Mshikeni kila mtoto mkono tangu anaposhuka garini.

Hatua ya 6: Mjini. Kando ya barabara kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Mtu wa Pemba au Lamu atajiona yuko nyumbani. Jioni tafuteni mishikaki inayochomwa juu ya mawe ya moto. Tengeni saa mbili kwa Al Baleed, magofu ya mji wa zamani wa Dhofari. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alipoondoka Kilwa katika karne ya 14, alisafiri baharini mpaka Dhofari.

Ubani ununue sokoni Al Husn. Ulio bora huitwa hojari, nao hutoka nyuma ya milima, kwenye ukavu usiofikiwa na ukungu. Tafuta chembe nyeupe au za kijani hafifu, zinazopitisha mwanga, zisizo na maganda wala vumbi. Mwombe muuzaji aweke chembe moja kwenye chetezo, unuse, ndipo mpatane bei.