Somo la mbwa mwitu: anza na kanzu ya Yusuf

Asalaam aleikum walimu wenzangu. Wengi mmeniuliza nililipangaje somo la ugomvi wa binadamu na mbwa mwitu kwa Gredi ya 7 hapa Amu. Linataka vipindi viwili, kanzu kuukuu, kamba na vitambaa. Usianze na picha ya meno. Mwaka jana nilianza hivyo, kipindi kizima kikaishia mayowe.

Hatua ya 1: Ondoa utata wa jina
Kiswahili kinawaita wanyama wawili kwa jina moja. Mbwa mwitu wa Afrika, ambaye yuko hata msitu wa Boni, ana mabaka, masikio ya duara na vidole vinne mguu wa mbele. Yule wa nchi za baridi ana vitano, na ni ndugu wa damu wa mbwa wa nyumbani. Somo ni la huyu wa pili. Dakika tano zatosha.

Hatua ya 2: Kanzu
Hapa ndipo pa kukaa. Watoto wetu wamekisoma chuoni kisa cha Nabii Yusuf: nduguze walimtia kisimani, wakarudi kwa baba yao wakilia, kanzu imepakwa damu ya uongo, wakasema mbwa mwitu amemla. Tundika kanzu uliyoipaka rangi nyekundu, uulize: nini hapa hakiingii akilini? Kwangu palikuwa kimya, hata msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, mbona haikuraruka?" Wafasiri husimulia kuwa Nabii Yaakub naye alilitambua lilo hilo.

Kisha waingize kwenye kondoo. Wakaguzi wa Marekani wakiitwa na mfugaji huchuna ngozi ya mzoga. Damu ikiwa imevilia penye alama za meno, kondoo aliumwa akiwa hai. Isipovilia, huenda alikufa kwa maradhi, na mlaji akaukuta mzoga tu. Wanafunzi wagawe ukurasa mara mbili: madai huku, ushahidi huku.

Hatua ya 3: Kisa cha Yellowstone
Simulia kwa ufupi. Katika hifadhi hiyo ya Marekani, kufikia 1926 makundi ya mwisho ya mbwa mwitu yalikuwa yameuawa. Kulungu wakubwa waitwao elki wakazidi, wakala miche mpaka ikadumaa. Mwaka 1995 na 1996 wakaletwa mbwa mwitu 31 kutoka Kanada. Wafugaji wa jirani walipinga sana, na baadhi yao walipoteza mifugo kweli.

Hatua ya 4: Baraza
Makundi matatu: wafugaji, wahifadhi, waongoza watalii. Sharti langu ni moja: kabla ya kudai chako, taja kwanza hasara ya mwenzako, naye akubali kuwa umeitaja sawasawa. Kundi la wafugaji mpe mtoto anayejua kubishana. Sisi walimu tuna tabia ya kumfanya mfugaji mjinga, ilhali yeye ndiye anayelala karibu na mnyama, na wanaomsifu mnyama wako mbali.

Hatua ya 5: Kamba
Ning'iniza vitambaa vyekundu kwenye kamba kuzunguka "zizi". Mbwa mwitu huogopa kuivuka, lakini baada ya wiki kadhaa huizoea. Kwa hiyo huwekwa kwa muda tu, hasa kondoo wanapozaa.

MASWALI

Mzazi, Langoni: Mwanangu amerudi akisema mbwa mwitu hana kosa lolote. Ndivyo mlivyomfundisha?
Jibu: Hapana, mama. Kondoo anawala. Kwa Yusuf tu ndipo alisingiziwa. Kosa ni langu, sikulisema wazi, Jumatatu nitalirudia.

Mwalimu, Witu: Huku sisi tuna fisi na nyati. Mbwa mwitu wa ugenini wa nini?
Jibu: Kwa sababu ni wa ugenini. Ukianza na fisi, yule aliyeliwa mbuzi juzi hatasikia neno la mtu. Wazoee kupima ushahidi mbali kwanza, kisha kipindi cha tatu lete fisi, au kiboko wa Ziwa Kenyatta. Wasomee pia sheria ya wanyamapori ya 2013, sehemu ya fidia.

Mwanafunzi wa ualimu, Malindi: Vitambaa vitamzuia simba?
Jibu: Usitegemee. Kwa simba, mwambie mtoto habari za Richard Turere, mvulana Mkenya aliyebuni taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi la babake.

Ustadhi, Malindi: Angalieni msije mkamwigiza Nabii.
Jibu: Hilo nililichunga, ustadhi. Hakuna aliyevaa kanzu. Ilining'inia ubaoni peke yake. Ni yangu ya zamani, na ile rangi mpaka leo haijatoka.