Kutupa diski na flashi zenye data za utafiti: kudilit peke yake hakutoshi

Utafiti wowote unaohusu watu una ile fomu ya ridhaa, na karibu kila fomu ina sentensi inayosema taarifa zako zitatunzwa kwa siri na baadae zitaharibiwa. Mtu kasaini hapo, afu akakaa akakueleza hali yake ya VVU, au anavyopigwa nyumbani, au deni ambalo hata mwenzi wake halijui. Mradi ukiisha ile sentensi bado inakudai. Na hapo ndo wengi wanalegea, folda inadilitiwa, flashi inafomatiwa, laptopu anapewa mtu mwingine, basi imeisha. Haijaisha.

Ukidilit faili, kompyuta haiigusi data yenyewe, inachofanya ni kufuta kumbukumbu ya faili lilipo na kuandika kwamba ile nafasi sasa iko wazi. Maneno yote ya yule mtu mara nyingi yanabaki palepale mpaka kitu kingine kije kiandikwe juu yake, na kufomati kwa haraka ni hivyohivyo. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Garfinkel na Shelat, walitoa matokeo ya haadi diski 158 walizonunua zikiwa zimeshatumika: 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na katika hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa vizuri. Nyingine walikuta barua za watu, taarifa za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki. Programu ya kurudisha faili zilizodilitiwa kama PhotoRec ni ya bure na haihitaji ufundi wa ajabu, kwa hiyo usijidanganye kwamba nani atahangaika.

Kabla hujagusa chochote, soma tena ulichoahidi. Kamati ya maadili, mfadhili na jarida kila mmoja anaweza kuwa na muda wake wa kutunza data, na kama zinagongana uliza kwanza maana ukishaharibu hamna kurudi nyuma. Fungua ile kopi inayotakiwa kubaki uhakikishe inafunguka kweli, sio tu kwamba faili lipo. Afu kaa chini uandike kila mahali data zilipopita, na hapa usiwe na haraka kwa sababu ndipo panapovuja: rekoda ya sauti na memori kadi yake, tableti za wadodosaji, laptopu ya msaidizi aliyefanya unukuzi na akaondoka kabla mradi haujaisha, flashi iliyobeba data kutoka mashine moja kwenda nyingine, bakapu za klaudi, viambatisho vya email, ile folda ya daunlodi. Hata mashine kubwa za ofisini za kuprinti na kuskani nyingi zina diski ndani, na fomu za ridhaa zilizoskaniwa zinaweza kuwa humo.

Sasa njia ya kufuta inategemea kifaa ni cha aina gani, na kosa kubwa ni kutumia njia moja kwa vyote.

Haadi diski ya kawaida, ile yenye sahani inayozunguka, ni rahisi. Andika juu ya diski nzima mara moja, inatosha kwa diski za kisasa. Zile habari za kurudia mara 35 zilitoka kwenye andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996 kuhusu teknolojia za zamani, usipoteze siku nzima kwa hilo. Kwenye Windows tumia diskpart (programu ya amri iliyomo humohumo), chagua diski, halafu andika clean all (sio clean peke yake, hiyo haifuti data). Kwenye Linux andika lsblk kwanza uone diski inaitwaje, soma ukubwa wake, soma tena, kwa sababu ukikosea herufi moja unafuta diski isiyo yenyewe, afu ndo: shred -v -n 1 -z /dev/sdX, hiyo X ukiweka herufi ya diski yako. Ikimaliza hakiki kwa hexdump -C /dev/sdX. Itasoma diski nzima kwa hiyo inachukua muda, lakini kama iko safi utaona mstari mmoja wa sifuri tupu, chini yake kinyota, kisha namba moja ya mwisho wa diski. Ukiona herufi zozote zinamwagika hapo, rudia.

SSD, ile diski isiyo na sahani inayotunza data kwenye chipu, ni habari nyingine kabisa. Yenyewe inahamishahamisha data ndani kwa ndani ili chipu zisichakae upande mmoja, na inaficha nafasi ya ziada ambayo kompyuta haiioni, kwa hiyo unaweza kuandika juu ya faili na kopi yake ya zamani ikabaki kwenye chipu nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walilipima hili mwaka 2011 na wakakuta kwamba njia za kufuta faili mojamoja zilizotengenezwa kwa ajili ya haadi diski hazifanyi kazi kwenye SSD. Tumia amri iliyojengwa ndani ya SSD yenyewe: SATA na NVMe ni aina mbili za jinsi SSD inavyounganishwa na kompyuta; kwa zile za SATA inaitwa Secure Erase, kwa NVMe kuna (kwenye Linux) nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1, au tumia programu ya mtengenezaji. Hao hao watafiti walikuta baadhi ya watengenezaji wameiweka hiyo amri vibaya, kwa hiyo hakiki baadae, na kwa data nzito kweli malizia kwa kuivunja.

Flashi na memori kadi nyingi hazina hata hiyo amri. Mi ushauri wangu ni usihangaike kuzisafisha, zivunje.

Kuvunja nako kuna namna yake. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipovunjikavunjika angani mwaka 2003, haadi diski yenye data za jaribio la kisayansi ilianguka mpaka chini ikiwa imeungua, na wataalamu waliweza kurudisha karibu asilimia 99 ya data zake. Kwa hiyo nyundo mbili juu ya kasha sio kuharibu. Sahani zenyewe ndo zitobolewe au zivunjwe, na kwenye SSD kila chipu nyeusi ipasuke, usiache hata moja. Vaa miwani, sahani za diski za laptopu mara nyingi ni za kioo na zinaruka vipande. Usichome moto, ule moshi ni sumu, na simu au tableti usiitoboe kabisa ikiwa na betri ndani. Mashine ya sumaku inaua haadi diski na tepu, ila kwa SSD, flashi na CD haifanyi kitu.

Kama unaanza mradi sasa hivi, jirahisishie: washa enkripsheni (kuifunga data isisomeke bila ufunguo) siku ya kwanza kabla data haijaingia. BitLocker kwa Windows, FileVault kwa Mac, LUKS kwa Linux, VeraCrypt kwa flashi, yoyote ile. Siku ya mwisho unaharibu ufunguo na kilichobaki kwenye diski hakisomeki, mradi hakuna kopi ya ufunguo iliyoachwa kwenye email au kwenye kidaftari cha mtu. Simu na tableti za kisasa tayari zinaenkripti zenyewe, kwa hizo toka kwenye akaunti zote, rudisha mipangilio ya kiwandani, na memori kadi itoe uishughulikie kivyake.

Ukipeleka kwa kampuni ya kuharibu vifaa, andika siriali namba za kila kifaa kabla hakijatoka mkononi mwako, na hati watakayokupa ilinganishe namba kwa namba. Ukifanya mwenyewe andika tarehe, kifaa, njia uliyotumia na nani alishuhudia, weka kwenye faili la mradi.

Na diski iliyokufa ikiwa bado ina waranti, usiirudishe dukani ubadilishiwe kama haikuwa imeenkriptiwa. Kufa kwa diski ni kwamba we huwezi kuisoma, fundi mwenye vifaa anaweza, kwa hiyo isamehe hiyo waranti uivunje.