Somo: kuchangisha fedha za makala ya kilimo

Tuseme unataka kutengeneza makala huru ya filamu kuhusu kihamba, shamba la ukoo la Kilimanjaro: kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti mirefu, ng'ombe bandani. Kihamba cha Shimbwe Juu FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, imekitambua tangu 2011 kuwa urithi wa kilimo, kwa hiyo habari unayo. Huna hela.

1. Anza na msimu. Wengi huanza kuchangisha siku wanayopata wazo, fedha zikaingia masika yameshapita. Masika ni Machi hadi Mei. Ukikosa kupiga picha masika, unasubiri mwaka. Basi changisha Januari, siku 30. Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, huachia fedha kama wiki mbili baada ya kufunga, kwa hiyo katikati ya Februari unakodi kamera. Uchumaji wa kahawa ni baadaye, utengee siku zake.

2. Piga hesabu ya makato. Kickstarter hukata 5%, na malipo ya kadi takriban 3% na senti 20 kwa kila mchangiaji. Dola 10,000 za watu 200 zinabaki kama 9,160. Ukiahidi fulana, posta itakumaliza. Ahidi jina kwenye filamu na kuiona mapema.

3. Kionjo, dakika mbili. Fungua na panga likikata mkungu, utomvu ukichuruzika. Wataalamu wa mazingira waje baadaye, kama ni lazima.

4. Kusanya ahadi kabla ya kuzindua, kama kamati ya harusi. Ukurasa wenye sifuri hauvutii mtu.

Maswali ya wanachama

*Niko Moshi, naweza kufungua Kickstarter?*
Kwa jina lako, hapana. Tanzania haimo kwenye nchi zinazoruhusiwa kuanzisha mradi. Tafuta mshirika Uingereza au Marekani, muandikiane mkataba, maana kodi ya huko itamwangukia yeye. Wa nyumbani wachangie kwa simu.

*Nikiishia 80% ya lengo?*
Hupati hata senti, na wachangiaji hawakatwi. Ndiyo maana lengo liwe la kupiga picha tu. Uhariri uchangishie baadaye, ukiwa na kitu cha kuonyesha.

*Mzee mwenye kihamba anataka alipwe.*
Mfidie siku aliyoacha kazi zake, na uiandike kwenye bajeti waziwazi. Usimlipe ili aseme unachotaka. Halafu ulizia wenye kihamba wengine ni akina nani: ni mali ya ukoo, na ndugu walioko Dar wataiona filamu kabla hujamaliza kuipakia.