Simu ikikuchafua roho: namna ya kuzima mbwembwe za kioo

Mama mmoja wa makamo alikuja mezani kwangu na simu mpya kabisa, hata nailoni ya kioo haijatoka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza bila kucheka: "Mwanangu, hii simu ina jini? Nikiishika dakika tano roho inachafuka kama niko kwenye boti." Alishabadilisha miwani. Alishapelekea fundi mwingine, akauziwa kioo cha kulinda macho. Kichefuchefu kikabaki palepale.

Simu haikuwa na ubovu wowote. Kila alipogusa ikoni, programu ililipuka kutoka katikati ikajaa kioo, na akirudi nyuma ikasinyaa ikaingia shimoni. Picha ya nyuma nayo ilikuwa inaelea kila akiinamisha mkono. Nilimzimia swichi moja, nikamwambia akae kwenye benchi aichezee. Baada ya robo saa alikuwa bado anaichezea.

Tangu siku hiyo nimekutana na wengi wa aina yake, na karibu wote walikuwa wamejiona wazembe au wazee. Haya ndiyo ninayowafanyia. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, kwa sababu simu nyingi ninazopokea ziko hivyo.

Kwanza, kinachotokea kichwani

Ndani kabisa ya kila sikio mna mirija mitatu ya nusu duara yenye majimaji. Hiyo hupima kichwa kinapozunguka. Pembeni yake mna vifuko viwili vinavyohisi kwenda mbele, kupanda na kushuka. Ubongo hulinganisha taarifa hizo na zile za macho. Ukiwa umeketi kitini na kioo kinakuonyesha kitu kinakujia kwa kasi, macho yanasema "tunakwenda", sikio linasema "tumetulia". Ugomvi huo ndio unaozaa kizunguzungu, jasho jembamba, mate kujaa mdomoni na kichefuchefu. Ni ndugu wa kile cha kwenye boti ya Zanzibar, ila kule chini kwenye viti sikio ndilo linalohisi mwendo na macho yanaona ukuta uliosimama.

Watu ambao viungo vya mizani vya sikio vimekufa kabisa pande zote mbili huwa hawaugui bahari. Mtu anayechefuliwa na simu, basi, sikio lake linafanya kazi. Wenye kipandauso na wenye matatizo ya sikio la ndani huumia zaidi ya wengine.

Malalamiko haya yalivuma dunia nzima Septemba 2013, Apple walipotoa iOS 7, toleo jipya la mfumo unaoendesha iPhone. Programu zilianza kuruka mbele na nyuma, na picha ya nyuma ikawa inateleza kivyake, ikoni kivyake. Watu wakaugua. Swichi ya kupunguza mwendo ilikuwepo, lakini haikuzima ule mruko wa kufungua programu. Mwezi uliofuata toleo la 7.0.3 likaongeza uwezo huo. Kwa hiyo mtu akikuambia unajidekeza, mkumbushe kuwa kampuni kubwa ililazimika kurekebisha simu zake ndani ya wiki tano.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mwendo, si kitu kingine

Usiharakie mipangilio. Fanya majaribio haya ukiwa mzima, umekula, umekaa mahali palipotulia, si kwenye daladala.

Fungua ujumbe mrefu au ukurasa wa maandishi matupu. Usome dakika tano bila kuusogeza. Ukichefuka hata hapo, mwendo hauhusiki. Angalia miwani yako, ukubwa wa maandishi, na mwanga. Hasa mwanga: simu nyingi zenye kioo cha OLED, aina ambayo kila nukta inawaka yenyewe, hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka mno, mamia ya mara kwa sekunde, na kadiri unavyoshusha mwanga ndivyo vipindi vya giza vinavyorefuka. Jicho halioni, lakini kuna watu kichwa kinawauma. Pandisha mwanga upite nusu, urudie kusoma. Ukipata nafuu, adui yako ni huo mmweso, na yaliyobaki humu hayatakusaidia sana. Kuna ujanja wa mafundi: elekeza kamera ya simu nyingine kwenye kioo chako gizani, mara nyingi utaona mistari myeusi inapita.

Ukiwa salama kwenye jaribio hilo, fungua na kufunga programu mara ishirini mfululizo. Pumzika mpaka hali irudi kawaida kabisa. Kisha peruzi mtandao wa kijamii kwa kasi uliyozoea, dakika mbili. Lile lililokuchefua zaidi liandike. Ni la kwanza? Hatua ya 2 au ya 3 itatosha. Ni la pili? Hizo zitapunguza tu, dawa yako iko hatua ya 4 na ya 5.

Hatua ya 2: Wenye iPhone

Fungua Settings, ingia Accessibility, kisha Motion, washa Reduce Motion. Kwenye simu za zamani, kabla ya iOS 13, Accessibility imejificha ndani ya General.

Hapohapo chini itatokea swichi ya pili, Prefer Cross-Fade Transitions. Iwashe pia. Hii wengi wanaiacha, na ndiyo inayofanya kurasa zififie badala ya kuteleza kutoka pembeni. Kwenye ukurasa huohuo zima zile zenye Auto-Play: madoido ya ujumbe, vionjo vya video, na picha zinazocheza.

Kama ni programu moja tu inayokusumbua, rudi Accessibility, shuka hadi Per-App Settings, uiongeze peke yake. Simu iliyobaki itaendelea na mbwembwe zake.

Walio kwenye iOS 26, ile yenye vitufe kama vioo vya maji, waongeze jambo moja: Accessibility, kisha Display & Text Size, washa Reduce Transparency. Kuona vitu vikiteleza nyuma ya kitufe kunachosha macho hata pale mwendo wenyewe ukiwa umepungua.

Hatua ya 3: Wenye Android

Hapa kila kampuni ina njia zake. Kwenye Pixel, simu za Google, na zinazofanana nayo: Settings, Accessibility, Color and motion, Remove animations. Kwenye Samsung: Accessibility, kisha kifungu cha Vision enhancements, ambacho matoleo ya nyuma hukiita Visibility enhancements, halafu Reduce animations au Remove animations. Kwa Tecno, Infinix, itel na nyingine, usipoteze muda kutafuta kwa macho. Juu ya Settings pana kisanduku cha kutafutia. Andika "animation" uone kinachotoka.

Usipopata kitu, ndipo uende njia ya vijana: About phone, gusa Build number mara saba. Samsung wameiweka ndani ya Software information, na kwenye Redmi unagusa toleo la MIUI au la OS. Simu itakuambia sasa wewe ni msanidi, yaani mtengeneza programu. Ingia Developer options, shuka hadi ukute mistari mitatu: Window animation scale, Transition animation scale, Animator duration scale. Yote mitatu iweke Animation off. Usiguse kingine humo ndani. Nasema tena, usiguse kingine.

Sasa nibishane kidogo na ushauri unaozunguka mitandaoni, kwamba mistari hiyo mitatu iweke 0.5x. Hiyo ni ya kuifanya simu ionekane nyepesi. Kitu bado kinaruka kutoka katikati ya kioo, ila kinaruka kwa nusu ya muda. Wapo wanaopata nafuu kwa sababu mwendo unaisha upesi, na wapo wanaozidi kuugua kwa sababu umekuwa mkali. Anayechefuka aanze na kuzima kabisa. Akizoea na akitaka uhai kidogo, ndipo apandishe hadi 0.5x na kujisikilizia siku mbili tatu.

Kuzima kabisa kuna gharama mbili ambazo fundi muungwana anapaswa kukuambia kabla hujaondoka mezani.

Ya kwanza: kile kiduara kinachozunguka kuonyesha "subiri" kinaweza kuganda kwenye baadhi ya programu, kwa sababu nacho ni uhuishaji, yaani mchoro unaojongea. Utadhani simu imekwama. Ukiwa unatuma pesa, usibonyeze tena. Subiri ujumbe wa muamala, au kaangalie salio kwanza. Nimewaona waliotuma mara mbili kwa sababu hiyo tu.

Ya pili: programu kadhaa za benki hukataa kufunguka zikikuta Developer options imewashwa. Na ukiizima ili benki ifunguke, ile mistari mitatu inarudi 1x, yaani kawaida, yenyewe na mbwembwe zote zinarudi. Ndiyo maana nakusukuma uanzie Accessibility. Swichi ya kule inafanya kazi ileile, na benki haiigombi.

Hatua ya 4: Yale ambayo swichi haiyafikii

Swichi ya simu ni kama amri ya mwenye nyumba. Wapangaji wengine wanatii, wengine wanajifanya hawakusikia. Kuna programu zinazochora mwendo wao wenyewe.

Telegram: Settings, Power Saving, humo unazima stika zinazocheza na madoido ya kurasa kimojakimoja. Facebook: tafuta Media kwenye mipangilio, weka video zisijichezee. YouTube: zima Playback in feeds. X, iliyoitwa Twitter, ina Reduce motion yake ndani ya Accessibility. Michezo ya kuendesha magari na ile ya kutazama kupitia macho ya mpiga risasi hakuna swichi itakayoiokoa, maana mwendo ndio mchezo wenyewe.

Picha ya nyuma inayojongea itoe, weka ya rangi moja au picha iliyotulia. Na kama umepakua lancha ya mapambo, programu inayobadili sura ya kurasa za ikoni, ile yenye kurasa zinazogeuka kama boksi, iondoe. Sibishani na mtu juu ya hiyo.

Tovuti nazo zinaweza kuulizwa. Vivinjari vya kisasa huiambia tovuti kwamba mwenye simu amezima mwendo. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kilianza mwaka 2017, vingine vikafuata. Tovuti iliyoandikwa kwa adabu itatulia. Nyingine zitaendelea kucheza ngoma. Zikikushinda, tumia mwonekano wa kusomea wa kivinjari chako, unaobakiza maandishi na picha.

Hatua ya 5: Mkono wako mwenyewe

Hii haipo kwenye mipangilio yoyote, na kwa wale walioshindwa jaribio la kuperuzi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Usirushe ukurasa kwa kidole ukaufuata kwa macho ukikimbia. Sogeza kiasi cha kioo kimoja, simamisha, soma, sogeza tena. Wakati ukurasa unakwenda, angalia pembeni ya simu au ukingo wake. Huo haujongei.

Simu isikae puani. Kadiri kioo kinavyojaza eneo la macho yako ndivyo ubongo unavyoamini kuwa wewe ndiye unayekwenda. Inyooshee mkono kidogo, na chumba kiwe na mwanga ili macho yaone ukuta, meza, mlango. Kuperuzi kitandani gizani ndiyo namna ya haraka zaidi ya kujichefua.

Ukiwa umeshachefuka

Weka simu chini, usijikaze umalizie video. Tazama kitu cha mbali kisichojongea, pata hewa, kunywa maji kidogokidogo. Chai ya tangawizi huwasaidia wengine. Hali inaweza kuchukua saa kadhaa kuisha hata kama kilichoianzisha kilikuwa cha dakika. Vidonge vya safari usivimeze kwa ajili ya simu: vingi vinaleta usingizi, na hufanya kazi vikinywewa kabla.

Kwenye daladala mambo yanageuka: sikio linahisi mashimo, macho yako yamegandia maandishi. Kuzima mbwembwe hakutoshi hapo. Wenye iPhone kuanzia iOS 18 wana Vehicle Motion Cues ndani ya Motion, vitone pembezoni mwa kioo vinavyojongea pamoja na gari ili macho nayo yapate habari. Wengine, tazameni nje dirishani.

Na mengine si ya fundi simu. Kizunguzungu kinachokujia bila simu, sikio kuvuma au kupoteza usikivu, dunia kuzunguka ukijigeuza kitandani: muone daktari. Kuona vitu viwiliviwili, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, upande mmoja kulegea, au kichwa kuuma ghafla kupita kiasi: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Yule mama alirudi baada ya wiki mbili, safari hii na lawama. Nilipomzimia mwendo nilizima mpaka stika zinazocheza kwenye programu yake ya kuchati, na wajukuu walikuwa wanamtumia vikatuni ambavyo kwake vilisimama kama picha za pasipoti. Nikamrudishia stika peke yake, nikamkalisha benchini atazame. Alicheka, hakuchefuka.

"Hizo ziache," akasema. "Lile la kuruka ndilo silitaki."