Kuhakiki yale ambayo kidhibiti cha diski huieleza seva kuhusu kashe ya uandishi

Anayetunza seva ya chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu, ambako radi za jioni kutoka upande wa ziwa huweza kukata umeme kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, sharti awe na hakika ya jambo moja: programu inapojibiwa kwamba malipo ya mwanachama yameandikwa, je, yamekwisha kufika kwenye sahani ya diski, au bado yamo ndani ya kashe, ile kumbukumbu ya haraka ambayo hufutika umeme ukipotea?

Mfumo wa uendeshaji hauwezi kuchungulia ndani ya diski, kwa hiyo huuliza na kuliamini jibu. Diski za SAS (aina ya diski za seva), pamoja na vidhibiti vingi vya RAID, yaani kadi zinazounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, hujibu kupitia ukurasa wa SCSI, lugha ya amri za diski, wenye namba 08h, ambamo biti ya WCE (alama ya kashe ya uandishi) ikiwa 1 kashe ya uandishi inatumika, na ikiwa 0 haitumiki. Diski za SATA, zile za kawaida za kompyuta, huweka habari hiyo katika neno la 85 la jibu la IDENTIFY DEVICE, amri ya kuiuliza diski sifa zake, nazo za NVMe, zisizo na sahani, huanza kwa kutangaza VWC, yaani kwamba zina kashe inayofutika umeme ukipotea. Linux ikiambiwa kwamba kashe ipo, kila fsync, ombi la programu kwamba maandishi yafikishwe diskini, huishia kwa amri ya kuimimina kashe hiyo kwenye diski. Ikiambiwa haipo, haitumi amri hiyo kamwe. Jibu lisilo la kweli huzaa hasara kwa njia hiyo, wala halionekani mpaka siku umeme utakapokatika.

Anza kwa kusoma yaliyosemwa wakati seva ilipowaka:

dmesg | grep -i cache

Ukiona "Write cache: enabled", kidhibiti kimekiri. Ukiona "Assuming drive cache: write through", hakikutoa jibu, na kerneli, kiini cha Linux, imekisia tu kwamba hakuna kashe, diski nyingi za USB hutoa mstari huu, na ndiyo sababu sikubali nakala ya pekee ya daftari la wanachama ikae humo. Kisha soma msimamo wa kerneli wenyewe:

cat /sys/block/sda/queue/write_cache

Hapo sda ni jina ambalo Linux huipa diski ya kwanza. Jibu la "write back" lina maana kwamba amri za kumimina zitatumwa, na "write through" kwamba hazitatumwa. Tafadhali usiandike chochote katika faili hili kwa kutaka kuongeza kasi, kwa maana unabadilisha imani ya kerneli peke yake, huku diski ikiendelea na mwenendo wake. Diski yenyewe uiulize kwa sdparm --get=WCE /dev/sda, au hdparm -W /dev/sda ikiwa ni SATA, au nvme get-feature /dev/nvme0 -f 6.

Kwenye RAID tunahitaji uangalifu zaidi. Kidhibiti chenye betri nzima kina haki ya kuieleza seva "write through", kwa kuwa kashe yake hubaki hai umeme ukipotea. Lakini nyuma yake kila diski ina kashe yake ndogo ambayo betri hiyo hailindi, na seva haiioni, kwa sababu sda hapo ni diski ya kubuniwa na kidhibiti. Kwa kadi za MegaRAID, aina mojawapo ya vidhibiti vya RAID, soma mstari wa "Disk Cache Policy" kwa storcli64 /c0/vall show all, kisha uizime:

storcli64 /c0/vall set pdcache=off

Katika orodha hiyohiyo, tazama kama sera ya uandishi ni WB (write back) au AWB (write back wakati wote). WB huacha kutumia kashe betri inapoharibika. AWB huendelea bila kujali. Niliwahi kukuta AWB kwenye seva moja Kakamega ambayo betri yake ilikuwa imevimba, na hakuna aliyekuwa amejua, kwa kuwa kasi haikupungua hata kidogo.

Hatimaye pima, maana majibu yote hayo ni maneno tu. Endesha pg_test_fsync, kipimo cha kasi ya fsync kinachokuja na hifadhidata ya PostgreSQL, kwenye diski husika, baada ya saa za kazi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo maandishi mafupi yanayosubiri sahani, moja baada ya jingine, hayawezi kuizidi sana idadi hiyo. Ukipata maelfu, kuna kashe inayojibu kwa niaba ya sahani. Maelfu hayo ni halali kwa kidhibiti chenye betri nzima. Kwa diski ya sahani iliyochomekwa moja kwa moja, ni ushahidi kwamba amri ya kumimina haitumwi au haitiiwi.

Ikiwa hali ni hiyo, zima kashe kwa hdparm -W0 /dev/sda, upime tena. Kwa kuwa diski nyingine huiwasha upya zikizimwa na kuwashwa, iweke amri hiyo miongoni mwa zile zinazoendeshwa seva inapowaka, kisha uzime mashine kabisa, uiwashe, na usome WCE upya kabla hujawaruhusu makarani kuingiza malipo.