Somo: Kusoma mwelekeo wa kipupwe na kuushusha hadi shambani kwako (vilima vya Kondoa, Mpwapwa na Dodoma)

Mwelekeo wa kipupwe unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kwa miezi ya Juni hadi Agosti huandikwa kwa kanda. Sisi tuko kanda ya kati, Dodoma na Singida. Lakini ndani ya kanda hiyo moja kuna Bahi, iliyolala kwenye mita 830 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuna milima ya Irangi upande wa Bereko inayopita mita 1,500. Kwa kimo peke yake, tofauti ya joto la mchana kati ya sehemu hizo mbili inazidi nyuzi 4. Mstari mmoja wa redioni hauwezi kuwatosha watu wa Bahi na wa Bereko kwa pamoja, ndiyo maana kazi ya mwisho inabaki kwa mwenye shamba.

Hatua ya 1: Pata taarifa nzima

Kinachosambaa kwenye makundi ya simu mara nyingi ni kichwa cha habari tu. Pakua taarifa yenyewe kutoka tovuti ya TMA, au muombe afisa ugani wa kata akutumie. Humo tafuta mistari ya kanda ya kati kuhusu mambo manne: joto la chini (la alfajiri), joto la juu (la mchana), upepo, na mvua nje ya msimu. Ushauri wa kisekta uliopo mwishoni usome pia, ila baada ya hesabu ya hatua ya 3.

Hatua ya 2: Elewa "wastani" na "juu ya wastani"

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Taarifa ikisema "joto la wastani hadi juu ya wastani", maana yake baridi itakuwa ya kawaida au pungufu. Mtu akisikia "juu ya wastani" kichwani anaweka "baridi kali", anakimbilia kununua mkaa wa ziada, kumbe ameambiwa kinyume. Kabla ya kumtumia mwenzako ujumbe, hakikisha sentensi inazungumzia joto au baridi.

Wastani wenyewe ni wa miaka 30. Kipindi rasmi kinachotumika sasa duniani ni 1991 hadi 2020. Usiulinganishe na mwaka jana.

Mwelekeo pia ni uwezekano, si ahadi. Chukua mfano wa kufundishia: joto juu ya wastani asilimia 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Hiyo 20 maana yake, katika miaka kumi yenye dalili kama hizi, miwili hivi ingekuwa ya baridi kuliko kawaida. Mwenye vifaranga 500 asiidharau. Mwenye mtama uliokwisha kuvunwa anaweza kulala.

Hatua ya 3: Namba ya kuanzia, kisha kimo

Dodoma mjini, kwenye mita 1,120 hivi, mwezi Julai joto la chini huwa karibu nyuzi 13 hadi 14 na la juu karibu 26 hadi 27. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Kisha:

(kimo chako − 1,120) ÷ 100 × 0.65 = nyuzi za kupunguza

Kijiji kikiwa mita 1,720: 600 ÷ 100 × 0.65 = 3.9. Mchana wa nyuzi 26.5 unakuwa 22.6, alfajiri ya 13.5 inakuwa 9.6. Ukiwa chini ya mita 1,120 jibu linatoka hasi, basi unaongeza.

Kimo unakipata kwenye simu. Simu ikikosea mita 50 usihangaike, ni theluthi moja tu ya nyuzi.

Hatua ya 4: Umbo la ardhi, hasa usiku

Hesabu ya kimo inafanya kazi vizuri mchana na usiku wa upepo. Usiku wa anga safi na utulivu inaweza kukudanganya kabisa. Kipupwe chetu ni kikavu na mawingu ni machache, kwa hiyo ardhi inapoteza joto haraka baada ya jua kuzama. Hewa inayogusa ardhi inapoa, inakuwa nzito, inateremka taratibu kufuata makorongo na kutuama bondeni kama maji kwenye lambo. Kufika alfajiri bonde linaweza kuwa na baridi kuliko mteremko ulio mita 100 juu yake.

Kwa hiyo bustani ya bondeni, pembeni ya korongo, ndiyo ya kuiwekea tahadhari kwanza, hata kama iko chini ya nyumba yako. Ukuta, ua mnene wa minyaa au tuta la barabara linalokatiza mteremko huzuia hewa hiyo isipite, na mimea ya upande wa juu wa kizuizi ndiyo inayoumia. Acha mwanya wa mita mbili tatu sehemu ya chini kabisa.

Miteremko inayotazama kusini-mashariki, kama kwenye safu ya milima ya Rubeho, ina tabia nyingine. Upepo wa kusi unaipanda na kuleta mawingu na ukungu. Usiku hapo haupoi sana, lakini mchana jua linachelewa, majani yanabaki na maji hadi saa nne au tano, na nyanya na viazi vinapata ugonjwa wa bakajani chelewa. Taarifa ikitaja mvua nyepesi nje ya msimu, wa huku ndio wa kujiandaa.

Hatua ya 5: Pima mwenyewe

Nunua kipimajoto cha juu-na-chini, kile chenye bomba la umbo la U. Kiweke kwenye kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, chenye mianya pembeni ya kupitisha hewa na paa mara mbili. Kiwe kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya udongo au majani, mbali na ukuta na bati. Mlango uelekee kusini, kwa sababu kipupwe jua letu linakaa kaskazini.

Ndani ya bomba kuna vijiti viwili vidogo vya chuma. Soma ncha ya chini ya kijiti, ile iliyokaribia zebaki, si ya juu. Upande wa joto la chini namba zinapanda kuelekea chini, na hapo ndipo watu hurekodi 16 badala ya 14. Soma saa 3 asubuhi, saa ile ile vituo vinaposoma, kisha rudisha vijiti kwa sumaku au kitufe. Joto la chini liandike kwenye tarehe ya leo. La juu ni la jana. Ukisahau kurudisha, namba ya kesho haina maana, iache wazi.

Kusanya siku 20. Kila siku chukua joto la chini la kwako, toa la kituo cha Dodoma (ukiwa na baridi zaidi jibu linatoka hasi), na pembeni andika "tulivu" au "upepo". Piga wastani wa makundi hayo mawili kila moja peke yake. Tofauti mbili utakazopata ndizo za kutumia kila mwaka, na zina thamani kuliko hesabu ya hatua ya 3.

Hatua ya 6: Upepo

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na huku kwetu hushika kasi kuelekea Agosti. Mstari wa miti ya kukinga upepo uende kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, ili uukatize. Kinga yake inafika takriban mara 10 ya urefu wa miti. Usiuzibe kabisa kama ukuta, maana upepo unaruka juu na kuanguka nyuma yake kwa vurugu. Mstari unaopitisha upepo kidogo ni bora. Misumari ya bati kagua Juni, hasa safu ya chini na pembe zinazotazama kusini-mashariki. Barabara ya moto (ukanda uliofyekwa wa kuzuia moto) kuzunguka shamba na zizi isafishwe mapema, majani yakiwa bado na unyevu kidogo.

Hatua ya 7: Shuka hadi siku 10, kisha siku 5

Mwelekeo wa msimu hauwezi kukwambia usiku gani utakuwa wa baridi. Kwa hilo tumia taarifa ya siku 10 ya wakulima na utabiri wa siku 5 wenye ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Juu ya utabiri wa joto la chini weka tofauti yako ya hatua ya 5.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Bereko: Mwalimu, huku kwetu barafu ya alfajiri inaweza kuunguza mazao kama Makete?

Jibu: Kwenye mteremko wa mita 1,700 wastani unabaki karibu nyuzi 9 au 10, mbali na kuganda. Angalia tu bonde lililofungwa. Usiku wa anga safi bila upepo, joto kwenye majani linaweza kuwa chini ya lile la kisandukuni kwa nyuzi 3 hadi 5. Kisanduku kikisoma 4, majani yanaweza kugusa sifuri. Maharage na nyanya za bondeni zifunike kwa nyasi au turubai kabla jua halijazama, ili joto la ardhi libaki ndani. Kufunika saa nne usiku umechelewa.

Wa Hombolo: Zabibu zangu ni za kuvuna Agosti na Septemba. Kipupwe kikiwa kikavu si naacha kupulizia?

Jibu: Usiache, kaka. Ukavu unapunguza ugonjwa wa ubwiri vinyoya, lakini ule wa ubwiri unga hauhitaji mvua. Dawa yake, salfa, inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 30. Ukipuliza alfajiri ya nyuzi 13 nguvu yake inachelewa mpaka joto lipande, na ukipuliza mchana unaopita 30 inaunguza majani na vichala. Siku nyingi za Julai asubuhi ya saa tatu hadi saa nne inafaa, ilimradi upepo haujaanza kutikisa matawi.

Wa Kondoa mjini: Nina vifaranga wa wiki moja. Nikijua alfajiri itakuwa nyuzi 10 nafanyaje?

Jibu: Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wao, kisha punguza 3 hivi kila wiki hadi ifike 21. Banda la nyuzi 10 linakudai uongeze zaidi ya 20, kwa hiyo punguza eneo kwa duara la kadibodi na ushushe dari kwa magunia. Wakirundikana wanasikia baridi. Wakikimbilia ukingoni wanasikia joto. Jiko la mkaa lisikae kwenye banda lililozibwa pande zote: acha mwanya juu, karibu na paa, kwa sababu hewa yake inaua vifaranga, na inaua mtu anayelala humo kuwalinda.

Wa Mpwapwa: Wanasema La Niña ikiwepo kipupwe kinakuwa kikali. Kweli?

Jibu: El Niño na La Niña (kupata joto na kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki) hutazamwa zaidi kwenye mvua za vuli na za msimu wetu wa Novemba hadi Aprili. Kwa kipupwe, tafuta kwenye taarifa mstari wa mgandamizo mkubwa wa hewa wa Mascarene, kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ukielezwa kuimarika, kusi inapata nguvu na kuleta hewa ya baridi kutoka kusini. Huo ndio wa kuusoma kwanza.

Wa Kongwa: Tofauti yangu ya usiku tulivu imetoka −4, ya usiku wa upepo −1. Nitumie ipi?

Jibu: Zote mbili, dada. Utabiri ukisema upepo mkali, toa 1. Ukisema anga safi na upepo hafifu, toa 4. Usipojua, toa 4 kwa vifaranga, ndama na mbuzi waliozaliwa karibuni.